Boza, King'ora na Jirani: Historia ya Zimamoto za Vijijini Marekani

Gari la zimamoto la kijiji cha Marekani mara nyingi hubeba lita 3,800 hivi za maji. Mpira mmoja wa kuingia nao ndani ya nyumba inayowaka humwaga takriban lita 570 kwa dakika. Piga hesabu: dakika saba hazijatimia, tangi limekauka. Mjini dereva angekuwa ameshaunga mpira wake kwenye bomba la barabarani, na maji yasingekatika. Kijijini bomba hilo halipo. Kuna bwawa la kunyweshea ng'ombe mwendo wa kilomita kadhaa, au mto unaopita chini ya daraja. Karibu kila chombo ambacho vikosi hivi vimewahi kuwa nacho, kuanzia ndoo za ngozi hadi maboza ya leo, kilibuniwa ili kujibu swali moja: maji yatafikaje? Ila kuna swali la pili ambalo chombo hakilijibu, nalo ni nani atayaleta.

Benjamin Franklin alianza na hilo la pili. Februari 1735 gazeti lake, Pennsylvania Gazette, lilichapa barua iliyowaonya watu wa Philadelphia waache kubeba makaa ya moto kwenye koleo lililo wazi, chumba hadi chumba, ngazi hadi ngazi. Yeyote aliyewahi kutumwa kupalia moto kwa jirani anaijua hatari hiyo: kaa moja likidondoka, huwezi kujua limeangukia wapi mpaka moshi uanze. Desemba 7, 1736, Franklin na wenzake wakaunda Union Fire Company. Wanachama hawakuzidi 30. Kila mmoja alinunua ndoo zake za ngozi kwa fedha yake mwenyewe, pamoja na mifuko ya kitambaa kigumu ya kuokolea vyombo vya mwenye nyumba, kwa kuwa mali iliyonusurika na moto iliweza kuishia mikononi mwa wezi. Walikutana kila mwezi. Asiyehudhuria alilipa faini, na faini hizo zikanunua ngazi, kulabu na mashine. Waliotaka kujiunga baada ya nafasi kujaa waliambiwa waunde chama chao. Ulikuwa msaragambo wenye katiba.

Miji mikubwa iliuacha mtindo huo baada ya zaidi ya miaka mia moja. Aprili 1, 1853, Cincinnati ilianzisha kikosi cha watu wa mshahara, wenye pampu ya mvuke iliyokokotwa na farasi. Pampu za zamani zilihitaji makumi ya wanaume wa kuzisukuma kwa mikono, wakipokezana hadi wachoke, lakini ya mvuke ilihitaji wachache waliofunzwa. New York ikafuata mwaka 1865. Kijiji hakikuweza. Kodi ya mashamba machache isingewalipa watu wakae wakisubiri moto ambao huenda ungetokea mara chache tu kwa mwaka. Basi wakulima, wahunzi na wenye maduka wakaendelea kuzima moto wao wenyewe, bila malipo.

Na hatari ilikuwa kubwa kuliko ya mjini. Usiku wa Oktoba 8, 1871, Chicago iliungua na watu wapatao 300 wakafa. Usiku huohuo moto wa msituni uliufagia mji mdogo wa Peshtigo, Wisconsin, na makazi yaliyouzunguka, ukaua watu 1,200 au zaidi. Dunia nzima inaikumbuka Chicago. Mimi naona ni dhuluma kwamba waliokufa kwa wingi zaidi ndio wasiotajwa, kwa sababu tu waliishi mbali na magazeti.

Chombo cha kwanza kilichowafaa hasa watu wa vijijini kilikuwa mashine ya kemikali. Maji ya tangi yalichanganywa na soda, na juu yake ikawekwa chupa ya asidi. Asidi ikimwagika, gesi hufoka na kuyasukuma maji nje kwa nguvu, bila mvuke na bila mikono mingi. Gari la Ford Model T lilipoingia mashambani, baada ya mwaka 1908, vijiji vikayafunga matangi hayo juu yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili vilinunua malori na magari aina ya Jeep yaliyoachwa na jeshi. Lori la maziwa au la mafuta likichoka, mafundi wa kijiji waliligeuza boza la maji. Hadi leo Idara ya Misitu ya Marekani huazimisha magari ya ziada ya jeshi kwa vikosi vya vijijini, na wazimamoto wenyewe huyapaka rangi, huyafungia pampu na kuyatengeneza yanapoharibika.

Kupata maji bwawani ni ujuzi wa pekee. Pampu haiyavuti maji, bali hutoa hewa ndani ya bomba gumu, kisha uzito wa hewa ya nje huyasukuma maji yapande. Ndiyo maana hata pampu kamilifu, ikiwa usawa wa bahari, haiwezi kuyainua zaidi ya mita 10 hivi, na kwa vitendo saba ni nyingi. Tundu dogo kwenye kiungo cha bomba, na kazi yote imekwama. Katika majimbo yenye baridi kali, vikosi vimezika mabomba yanayoingia bwawani chini ya barafu na kutokeza kando ya barabara, ili pampu iunganishwe bila kuvunja barafu usiku. Kwenye moto wenyewe hufunguliwa bwawa la turubai la kukunja. Boza linamwaga maji humo, linarudi kujaza, lingine linafika. Boza lenye lita 11,000 limebeba tani 11 za maji yanayoyumba kila kona. Kupinduka kwa magari haya kumeua wazimamoto wengi wa kujitolea, baadhi yao kabla hawajauona moto waliouendea.

Hata hivyo, moto mkubwa wa nyumba ni kazi ya nadra. Majira ya baridi ni ya dohani: masizi yenye lami hushika moto ndani yake na kunguruma. Maji hayamwagwi, kwa kuwa matofali ya moto hupasuka yakipoa ghafla. Mzimamoto hupanda juu ya paa na kudondosha vifuko vya unga mkavu wa kuzimia moto. Kiangazi ni majani ya mifugo. Yakifungwa marobota kabla hayajakauka vizuri, vijidudu huyapasha joto kimyakimya hata kwa majuma kadhaa. Mkulima hupima kwa kipimajoto kirefu, na joto likikaribia nyuzi 80 za Selsiasi huita zimamoto. Hapo pupa ni hatari. Ukilifumua rundo, hewa inaingia na moto unalipuka. Ukipanda juu yake, unaweza kutumbukia katika shimo lililoungulia ndani bila mtu kuliona. Kwa hiyo wazimamoto husimama na mipira iliyojaa maji, wakiyatoa marobota moja baada ya jingine, pengine usiku kucha.

Simu nyingi zaidi siku hizi hazihusu moto kabisa. Ni mzee aliyeanguka bafuni, ajali ya gari barabara kuu, kifua kinachombana mtu alfajiri. Mzimamoto anayefika ndiye fundi wa trekta lako, au mwalimu wa mtoto wako. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulithamini hilo. Enzi ya ukoloni neno wazimamoto lilitisha, kwa uvumi kwamba watu hao hunyonya damu, na mwaka 1947 umati uliishambulia stesheni ya zimamoto ya Mombasa kwa sababu ya uvumi huo. Gari jekundu la mgeni aliyetumwa na serikali isiyo yako haliaminiki kirahisi. La jirani halihitaji kujieleza.

Lakini jirani lazima aitwe, na awepo. Zamani ilipigwa kengele ya kanisa, baadaye king'ora juu ya paa la stesheni. Katika vijiji vingi simu ya moto ililia kwenye nyumba kadhaa kwa pamoja, na mara nyingi aliyeipokea alikuwa mke wa mzimamoto, ambaye aliwasha king'ora na kuwapigia wengine mmoja mmoja. Wanawake hawa waliendesha mawasiliano ya kikosi kwa miaka mingi bila kuandikwa katika orodha yake. Kisha ikaja redio ndogo ya nyumbani ya Plectron, iliyotengenezwa Overton, Nebraska, na baada yake peja ya kiunoni. Simu ya kwanza kabisa ya 911, namba ya dharura ya Marekani, haikupigwa New York, ilipigwa Haleyville, mji mdogo wa Alabama, Februari 16, 1968.

Mwaka 1984 Marekani ilikuwa na wazimamoto wa kujitolea 897,750. Mwaka 2020 walibaki 676,900. Katika kipindi cha 1980 hadi 2020, simu zilizopokelewa na vikosi vyote nchini ziliongezeka kutoka milioni 10.8 hadi milioni 36. Mashamba yaliungana na kuhitaji watu wachache, viwanda vidogo vikafungwa, na aliyekuwa akiacha kazi dukani na kukimbilia stesheni sasa anafanya kazi mji mwingine, saa nzima kwa gari. Mafunzo ya kuanzia hudai zaidi ya saa mia moja, jioni na mwisho wa juma. Na baada ya yote hayo wazimamoto bado huuza chapati za maji na kuku wa kuchoma ili wanunue sare za kuwakinga na moto. Inaniuma kwamba maisha ya mtu anayeingia ndani ya moshi kwa hiari yategemee mauzo ya chakula cha asubuhi.

Usiku watu bado wanapatikana, maana wamelala nyumbani. Shida ni saa nne asubuhi siku ya kazi. Kwa hiyo wilaya nyingi sasa, nyumba ikiripotiwa kuungua, huita vikosi vya vijiji vitatu au vinne kwa mpigo, kwa matumaini kwamba wastaafu wawili kutoka hapa, mkulima mmoja kutoka kule na walinzi wa zamu waliolala mchana watatosha kujaza gari moja. Katika majimbo kadhaa kijana wa miaka 16 huruhusiwa kufunga mipira na kusimamia bwawa la turubai, lakini haruhusiwi kuvuka mlango wa nyumba inayowaka. Anayeuvuka, mara nyingi, ameshapita miaka 40.