Kupima Uendelevu wa Kijamii Katika Mnyororo wa Kakao: Nini Huhesabiwa na kwa Nini

Uendelevu wa kijamii katika mnyororo wa ugavi wa kakao ni hali ambayo wakulima, vibarua na familia zao wanapata kipato kinachotosheleza mahitaji ya msingi, wanafanya kazi katika mazingira salama, na watoto wao wanasoma badala ya kutumikishwa. Kuupima ni kukusanya taarifa zinazoonesha iwapo hali hiyo ipo, inakaribia kufikiwa au inazidi kuwa mbali.

Côte d'Ivoire na Ghana kwa pamoja huzalisha zaidi ya nusu ya kakao yote duniani, na sehemu kubwa hutoka katika mashamba madogo ya familia. Kabla ya kumfikia mlaji ikiwa chokoleti, kakao hupita mikononi mwa wanunuzi wa vijijini, vyama vya ushirika, wasafirishaji na viwanda. Kadiri mnyororo unavyorefuka, ndivyo inavyokuwa vigumu kwa mnunuzi wa mwisho kujua ni nani aliyeshika panga shambani.

Chimbuko la upimaji

Mwezi Septemba 2001, wawakilishi wa viwanda vya chokoleti walisaini makubaliano yanayojulikana kama Itifaki ya Harkin-Engel, yaliyosimamiwa na Seneta Tom Harkin na Mbunge Eliot Engel wa Marekani. Lengo lilikuwa kukomesha aina mbaya zaidi za utumikishwaji wa watoto, kama zinavyoelezwa katika Mkataba Na. 182 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1999.

Muda wa awali, uliowekwa kuwa mwaka 2005, ulipita bila ahadi kutimizwa. Mwaka 2010 liliwekwa lengo jipya la kupunguza tatizo hilo kwa asilimia 70 ifikapo 2020. Hapo ndipo swali la vipimo lilipojitokeza wazi: asilimia 70 ya idadi ipi, iliyohesabiwa na nani na kwa njia gani?

Utafiti wa taasisi ya NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago, uliotolewa Oktoba 2020, ulikadiria kuwa watoto milioni 1.56 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 walikuwa katika utumikishwaji kwenye kilimo cha kakao cha nchi hizo mbili katika msimu wa 2018/19. Kiwango hicho ni sawa na asilimia 45 ya watoto wa kaya za wakulima katika maeneo yanayolima kakao, kutoka asilimia 31 msimu wa 2008/09. Katika kipindi hicho uzalishaji uliongezeka kwa asilimia 62.

Utafiti wa awali wa Chuo Kikuu cha Tulane ulikuwa umetaja takriban watoto milioni 2.1 kwa msimu wa 2013/14. Hata hivyo, tofauti hiyo haiwezi kusomwa kama mafanikio, kwa kuwa tafiti hizo hazikutumia mbinu zinazofanana za kuchagua kaya. Takwimu mbili hulinganishwa pale tu zinapopatikana kwa kipimo kimoja.

Mambo yanayopimwa

Mwaka 2009, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilishiriki kutoa mwongozo wa kutathmini athari za kijamii za bidhaa katika hatua zote za uhai wake. Toleo la mwaka 2020 linataja makundi sita ya kuzingatiwa: wafanyakazi, jamii za maeneo husika, wadau wa mnyororo wa thamani, walaji, jamii kwa ujumla na watoto. Kila kundi huwekewa viashiria vyake.

Viashiria hivyo havina uzito sawa. Baadhi huhesabu shughuli, kwa mfano idadi ya wakulima waliohudhuria mafunzo au madarasa yaliyojengwa. Vingine huhesabu mabadiliko katika maisha ya watu, kama vile kipato halisi cha kaya au saa ambazo mtoto hutumia shambani. Viashiria vya shughuli hupatikana kwa urahisi na ndivyo hujaza taarifa nyingi. Vinaonesha fedha zilivyotumika, lakini havitoshi kuonesha iwapo maisha yamebadilika.

Kipato cha kaya

Kipimo muhimu ni kipato cha kuishi kwa staha. Huanza kwa kukokotoa gharama za kaya katika eneo husika: chakula bora, makazi, elimu, matibabu, usafiri na akiba ndogo ya dharura. Gharama hizo hulinganishwa na kipato halisi cha kaya kutoka vyanzo vyote, baada ya kuondoa gharama za uzalishaji. Tofauti inayobaki ndiyo pengo linalopaswa kuzibwa.

Kipimo hiki kinasaidia kuepuka kosa la kutazama bei peke yake. Mkulima aliyevuna kilo 800 na mwingine aliyevuna kilo 400 kwa bei iliyopanda mara mbili hupata mapato ghafi yanayolingana. Mwaka 2024 bei katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani, lakini ilipanda kwa sababu mavuno ya Afrika Magharibi yalikuwa yameshuka kutokana na hali ya hewa na magonjwa ya mimea. Aidha, Ghana na Côte d'Ivoire hupanga bei ya mkulima kwa msimu, hivyo ongezeko la soko la dunia halikufika shambani papo hapo.

Nchi hizo zilikuwa tayari zimechukua hatua mwaka 2019 kwa kutangaza nyongeza ya dola 400 kwa kila tani, kuanzia msimu wa 2020/21, ili kuinua kipato cha wakulima. Mafanikio ya hatua ya aina hiyo hupimwa kwa kiasi kinachomfikia mkulima, si kwa kiasi kilichotangazwa.

Watoto shambani

Mahudhurio ya shule hutumika mara nyingi kama kiashiria, lakini utafiti wa NORC ulionesha mipaka yake. Kati ya 2008/09 na 2018/19, mahudhurio yalipanda kutoka asilimia 58 hadi 80 nchini Côte d'Ivoire, na kutoka asilimia 89 hadi 96 nchini Ghana, ilhali utumikishwaji nao uliongezeka. Mtoto anaweza kuwa darasani asubuhi na jioni akabeba mzigo unaozidi umri wake au kunyunyizia viuatilifu.

Tangu mwaka 2012, mfumo wa ufuatiliaji wa ngazi ya jamii umekuwa ukitumika nchini Côte d'Ivoire. Mkazi wa kijiji aliyepewa mafunzo hutembelea kaya, huzungumza na wazazi na watoto, na kurekodi anachobaini. Familia husaidiwa kulingana na tatizo, ikiwemo kupatiwa vifaa vya shule au cheti cha kuzaliwa, kisha mfuatiliaji hurudi kuona iwapo hali imebadilika.

Mfumo huo una jambo la kuzingatiwa na kila msomaji wa takwimu. Chama cha ushirika kinachoripoti watoto wengi waliobainishwa huenda ndicho kinachofuatilia kwa makini zaidi, na kinachoripoti sifuri huenda hakijatafuta. Mnunuzi akikiacha chama kwa sababu ya visa vilivyoripotiwa, wazazi hujifunza kuficha, na mtoto hukosa msaada.

Wasioonekana kwenye daftari

Vipimo vingi huanzia kwenye orodha ya wanachama wa ushirika. Orodha hiyo huwaacha vibarua na wakulima wanaolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, utaratibu unaojulikana nchini Ghana kama abunu na abusa. Wanawake nao hushiriki kuvunja maganda, kuchachua na kuanika kakao, lakini ardhi na uanachama mara nyingi huwa kwa jina la mume. Takwimu za kaya zisizotenganisha jinsia huonesha kipato bila kuonesha anayekitumia.

Umuhimu kwa Tanzania

Nchini Tanzania, kakao hulimwa zaidi wilayani Kyela, mkoani Mbeya, na huuzwa kwa mnada kupitia mfumo wa stakabadhi za ghala. Mkulima hupeleka mzigo katika chama cha msingi cha ushirika, maarufu AMCOS, unapimwa na kuandikwa kwa jina lake. Kumbukumbu za kilo na malipo ya kila mkulima ni msingi mzuri wa kukadiria kipato, ingawa hazioneshi gharama za shamba wala nani aliyefanya kazi.

Umuhimu wa taarifa hizo unaongezeka. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo kuanza kutumika kwake kumeahirishwa, inataka kakao inayoingia katika soko hilo iwe imezalishwa bila kukata misitu baada ya Desemba 31, 2020, na kwa kufuata sheria za nchi husika, zikiwemo za kazi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ajira ya kinyonyaji kwa mtoto.

Kwa hiyo, mwananchi anaposoma kwamba kakao fulani ni endelevu, yapo maswali manne ya kuuliza: nani alihesabiwa, nani aliachwa, kipimo kilikuwa shughuli au maisha ya watu, na nini kilifanyika baada ya tatizo kubainika.