Curt Flood anastahili Cooperstown?

Wandugu, leo nimemkumbuka Curt Flood, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyefariki 1997 bila kuingizwa katika Jumba la Umaarufu, Cooperstown, New York.

Tuanze na uwanjani. Akiwa St. Louis Cardinals alitwaa ubingwa 1964 na 1967, na tuzo ya Gold Glove, ya udakaji bora, mara 7 mfululizo. Wanaompinga wanasema upigaji wake haukufikia ule wa magwiji. Nakubali. Kwa takwimu peke yake angeishia mlangoni.

Lakini 1969 klabu ilimhamishia Philadelphia bila hata kumwuliza. Mikataba ya enzi hizo ilimfanya mchezaji mali ya klabu. Flood, Mmarekani Mweusi, akagoma, akakosa msimu mzima wa 1970, akaenda mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3. Desemba 1975 wachezaji wengine wawili wakaupata uhuru alioudai.

Bowie Kuhn, kamishna aliyemkatalia ombi lake, alichaguliwa kuingia Jumba hilo 2007. Sasa jamani, aliyeufunga mlango aingie, aliyeubisha abaki nje? Mimi kura yangu nampa Flood. Wewe je?