Namba za samaki ndani ya faili: jinsi kilo 250 zinavyoweza kusomeka milioni mbili

Kwenye mialo ya Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba jijini Mwanza hadi visiwa vya Ukerewe, kilo za sangara huandikwa daftarini. Namba hizo zikiingizwa kwenye kompyuta hutunzwa ndani ya faili. Leo tunaeleza njia mbili za kuzitunza, kwa kutumia lugha ya BASIC, iliyobuniwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz wa chuo cha Dartmouth, Marekani, ili hata wasio wataalamu waweze kuandika programu.

Njia ya kwanza ni faili la maandishi. Kila tarakimu hula baiti moja, hivyo 27350 hula baiti tano. Ukilifungua faili hilo, unalisoma kama barua.

Njia ya pili ni faili la binari. Namba huwekwa kama kompyuta inavyoibeba yenyewe, kwa sifuri na moja. Katika QBasic, namba ya aina ya INTEGER hula baiti mbili tu, iwe 31 au 27350. Tuandike samaki wa wavuvi wawili:

DIM kilo AS INTEGER
OPEN "SAMAKI.DAT" FOR BINARY AS #1
kilo = 250
PUT #1, 1, kilo
kilo = 31
PUT #1, 3, kilo
CLOSE #1

PUT huandika, GET husoma. Namba ya katikati ni mahali pa kuanzia: mvuvi wa kwanza yuko baiti ya 1, wa pili baiti ya 3. Ukifungua faili tena na kuandika GET #1, 3, kilo, unamfikia wa pili moja kwa moja bila kumpitia wa kwanza.

Hatari iko hapa. Ndani ya faili hili hakuna mstari wala alama ya kutenganisha wavuvi. Msomaji akitumia aina ya LONG, inayobeba baiti nne, akaanzia baiti ya 1, atawachukua wote wawili kwa pamoja na kupata 2,031,866, yaani 31 mara 65,536, ongeza 250. Kompyuta haitalalamika, na hesabu ya malipo itaharibika.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Andika pembeni mpangilio wa faili: nini kinaanza, cha aina gani, baiti ngapi. Jumla ikizidi 32,767, kikomo cha INTEGER, tumia LONG tangu mwanzo. Na ukifungua faili la binari kama maandishi ukaona alama zisizoeleweka, lifunge bila kuhifadhi, maana ukihifadhi unaweza kuliharibu. Picha za simu yako nazo ni mafaili ya aina hiyo.

Daftari la mwaloni lisitupwe mpaka namba zisomwe upya na kulinganishwa.