Kabla ya telefoni kulikuwa gazeti: namna tunavyohukumu watoto wa wengine

Leo sitaongea juu ya mahindi wala mbolea, hata kama njo kazi niliyosomea. Nataka kuongea juu ya kosa moja nililofanya, na juu ya mambo ya zamani niliyoenda kutafuta kisha lile kosa.

Mwaka juzi, matokeo ya Examen d'État yalipotoka, Kolwezi ilikuwa kelele kama kila mwaka. Munajua namna inaendaka: watoto wanajimwagia podri nyeupe kichwani, wanaimba barabarani, wamama wanapiga vigelegele. Jioni ile video moja ikaingia katika telefoni yangu. Sekunde kama arobaini tu. Wasichana watatu na mvulana mmoja, bado wako na unifomu ya bluu na nyeupe, podri mwili mzima, chupa za bia mkononi. Msichana mmoja anapanda juu ya meza, anacheza, kisha anamtukana mwalimu wake kwa jina, huku anacheka.

Niliituma katika grupu tatu, pamoja na hii yetu. Chini niliandika: "Aba batoto tutabafanya nini?" Munakumbuka majibu. Wachapwe mbele ya watu. Wazazi wao wafungwe. Kizazi kimeoza. Kesho yake ukurasa mmoja wa habari za mjini uliweka ile video, uso wa mtoto wazi, na watu wakaendelea kutukana.

Siku ya tatu nikajua yule msichana ni nani. Ni mtoto wa mama mmoja anayeuza makaa kwenye avenue inayofuata yetu. Alikuwa na miaka 17. Alikuwa amepata asilimia 64, njo maana alikuwa anacheza. Mjomba wake, aliyekuwa ameahidi kumlipia mwaka wa kwanza wa unif, akasema yeye halipi minerval ya mlevi. Mtoto akatumwa kwa shangazi, mbali. Mama yake akahamisha meza ya makaa, juu watu walikuwa wanasimama pale kuangalia tu.

Nilimwelezea Papa. Aliniuliza swali moja: "Na weye ulituma?"

"Ndiyo, Papa."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Na siye bakubwa balikuwa banatusemaka vile vile. Tofauti ni kama ile wakati telefoni haikuwako."

Hilo neno lilinikaa kichwani. Nikaanza kusoma, na nitawaelezea niliyoyapata.

Tuanze Léopoldville, njo Kinshasa ya leo, miaka ya 1950. Mji ulikuwa unakua mbio, watoto walikuwa wengi kuliko nafasi za shule na za kazi. Vijana wa cité waliona filamu za kauboi, wakampenda Buffalo Bill, wakajiita Bills. Suruali ya jeans, shati la miraba, kitambaa shingoni. Walipa mitaa yao majina mapya kama Texas. Walitunga hata lugha yao, Hindubill, Lingala iliyochanganywa na Kifaransa na maneno ya kwao wenyewe. Mwanahistoria Didier Gondola ameandika kitabu kizima juu yao, Tropical Cowboys, kilichotoka mwaka 2016.

Wakubwa walishtuka. Serikali ya kikoloni ilikuwa tayari na dekreti ya tarehe 6 Desemba 1950 juu ya watoto wakosaji, na neno "délinquants" likawa jina la kijana yeyote aliyesimama pembeni ya barabara bila kazi. Wasomi wetu weusi wa wakati ule, wale walioitwa évolués, hawakubaki nyuma. Waliogopa kwamba Mzungu akiwaona wale vijana atasema Mwafrika bado hajastaarabika. Basi kila mmoja alitaka kuonyesha kwamba yeye si kama wale. Niliposoma hayo nilijiona mimi mwenyewe na licence yangu, na ile sentensi yangu ya "aba batoto".

Tusiwapake sukari Bills. Walipigana, walivuta bangi, na wasichana wa mitaa waliteseka mikononi mwao. Gondola hafichi jambo hilo, na mimi siwezi kulificha. Kuna mambo yaliyohitaji hakimu, si mzaha. Lakini angalia nani alifanya kitu. Padri mmoja Mbelgiji wa Scheut, Joseph de Laet, hakuishia kuwalaumu. Alienda kukaa nao, akajifunza lugha yao, akawafungulia mahali pa kukutana. Wao wenyewe walimwita Père Buffalo.

Tena tarehe 4 Januari 1959, watu wa Léopoldville walipoingia barabarani kisha mkutano wa Abako kukatazwa, Bills walikuwa ndani ya ule umati. Siku tisa baadaye mfalme Baudouin akatamka neno uhuru. Uhuru haukuletwa na Bills peke yao, hapana. Lakini wale walioitwa takataka walikuwako siku nchi ilipogeuka, na waliowatukana hawakuwa wamewaona wakikomaa.

Sasa tuvuke ziwa Tanganyika, twende Tanzania, juu kule mambo yaliandikwa kwa Kiswahili na yalibaki kwenye magazeti. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, Dar es Salaam kusionekane tena sketi fupi, mawigi, dawa za kung'arisha ngozi, wala suruali za kubana. Waliiita Operesheni Vijana. Kabla hata tarehe haijafika, kundi la wanaume lilianza kazi lenyewe. Karibu na soko la Kariakoo wasichana walishushwa katika mabasi, wakavutwa, wakapigwa, wakachaniwa nguo. Askari walilazimika kuingia.

Magazeti yalijaa barua. Wengine walisema ni utamaduni unaolindwa. Wengine waliuliza maswali magumu: mbona serikali hiyohiyo inawalazimisha Wamasai wavae suruali, ati wanakaa uchi, na huku inawakataza wasichana wa mjini nguo za Kizungu? Utamaduni ni upi hapo? Na mbona aliyevaa njo anapigwa, na aliyepiga anaitwa mlinzi wa adabu?

Hilo swali la mwisho lilinigusa sana. Katika ile video yetu, mtoto alitukana mtu mmoja. Katika majibu yetu, watu mamia walimtukana mtoto mmoja, tena kwa matusi mabaya kuliko yake. Hakuna aliyechukua video ya sisi.

Turudi nyumbani. Wakati wa Zaïre, chini ya "authenticité", wamama walikatazwa suruali na perruque, na vijana wa JMPR walikuwa macho ya chama mitaani. Papa aliyaona hayo akiwa kijana. Lakini kuna jambo la karibu zaidi ambalo hatupendi kuliongea hapa Lualaba, na mimi nitaliongea kwa heshima yote.

Mwaka 1992 Likasi, na 1993 hapa kwetu Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao na katika kazi zao. Maelfu walilala karibu na stesheni ya gari-moshi, wiki na wiki, wakingoja treni, na wengi walikufa, watoto wadogo wa kwanza. Mikono iliyofanya hiyo kazi mitaani ilikuwa ya vijana: JUFERI, tawi la vijana la chama cha UFERI. Wengine walikuwa na umri wa huyu msichana wa podri.

Je, wakati ule wakubwa wa jimbo walipiga kelele kwamba vijana hawana adabu? Hapana. Wakubwa wenyewe njo waliwasha moto kwa hotuba zao. Basi nikaelewa kitu. Hasira yetu juu ya vijana haipimi ubaya wa tendo. Kijana akifanya ubaya mkubwa tuliomtuma sisi, tunanyamaza. Akifanya upumbavu mdogo ambao hatukumtuma, tunasema dunia inaisha.

Kwa masomo yangu, ukiona jani la mahindi limekuwa manjano, huligombezi lile jani. Unaangalia udongo: nitrojeni imekwisha, ao maji yamesimama, ao mzizi umeliwa. Sasa udongo wa hawa watoto wetu ni upi?

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Shule, hospitali, unga wa mwisho wa mwezi, uwanja wa mpira: vyote vilitoka kwenye kampuni. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufika 1994 shaba yote ya mwaka ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa "départs volontaires". Papa alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka bahasha juu ya meza, na nakumbuka kwamba mwaka uliofuata yaya wangu hakurudi shuleni. Alienda kuosha mawe.

Kizazi kile njo kilizaa hawa. Mwaka 2014 kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za Kasulo, watu walichimba hata ndani ya vyumba vya kulala. Januari 2016 Amnesty International pamoja na Afrewatch walitoa ripoti juu ya watoto wanaochimba na kubeba mawe huku kwetu, na picha zao zikazunguka dunia. Dunia ikalia. Mtoto wa Kolwezi akiwa na gunia mgongoni ni malaika. Mtoto huyohuyo akishika chupa ni shetani. Mara zote mbili uso wake unaonyeshwa, na mara zote mbili hakuna aliyemuuliza.

Bon, najua mutakachosema: "Basi tuwaache wafanye wanavyotaka?" Hapana. Mwalimu alitukanwa, na mwalimu ni mtu, ana watoto wanaoona ile video pia. Mtoto alipaswa kuitwa, kukaripiwa, kwenda kupiga magoti mbele ya mwalimu na kuomba msamaha. Tulilelewa hivyo. Lakini karipio la nyumbani lina mwisho. Ukishaomba msamaha, unapewa bukari, unakula, kesho inaanza upya. Hata gazeti la 1968 lilifunga samaki sokoni kisha siku chache. Video haifungi samaki. Iko pale, na mtoto akitafuta kazi akiwa na miaka 30 bado atakuwa juu ya meza na podri kichwani.

Na sheria tunayo. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu chini ya miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai. Aliyezidi hapo anaenda mbele ya tribunal pour enfants, na kesi yake inasikilizwa kwa faragha, si mbele ya watu. Yaani hata mtoto aliyeiba, hata aliyejeruhi mtu, nchi yetu imesema uso wake ufichwe. Sisi tulimnyima aliyecheza kile ambacho sheria inampa aliyejeruhi.

Mwezi uliopita nilienda kwa yule mama. Nilichelewa sana, najua. Nilimwambia wazi kwamba mimi ni mmoja wa walioituma. Alikuwa anapimia mteja makaa. Alimaliza, akapokea pesa, akajipangusa mikono.

"Ile grupu yenu, muko bantu wangapi?"

"Karibu mia mbili, Mama."

"Bote balisoma?"

"Bote balisoma, Mama."

"Basi ubambie bote kama alipata 64."

Nilimuuliza kama naweza kuandika haya bila jina la mtoto. Alikubali. Njo maana mumesoma mpaka hapa.

Alipata 64. Kama ile video iko bado katika telefoni yako, nakuomba uifute leo. Na kama kati yetu kuna anayejua namna ya kumsaidia mtoto kuingia mwaka wa kwanza, aniandikie pembeni. Mimi nimekwisha kuweka sehemu yangu.