Logi iliyo ndani ya jiwe

Ukisimamia seva unaijua logi, ile rekodi ya kila kilichotokea. Mawe nayo yana yake. Lava ikipoa, chembe zake za madini ya chuma hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati ule. Mchanga unaotulia majini pia. Mwelekeo ukiwa umelala, jiwe lilizaliwa karibu na ikweta. Ukisimama wima, karibu na ncha ya dunia.

Mnamo 1951 Ted Irving, mwanafunzi wa Cambridge, alianza kuchunguza lava ya Deccan, India. Vipimo vilionyesha kwamba India ilikuwa kusini mwa ikweta, kisha ikasafiri kaskazini. Kwangu mimi hiyo ilitosha kumpa PhD. Lakini 1954 Cambridge ilimnyima! Akaenda Australia, akaendelea kupima mawe, na 1956 akachapisha ushahidi wake kwamba mabara huhama. Cambridge hiyo hiyo ilimpa udaktari wa sayansi mwaka 1965.