Bahari Inapochafuka: Hukumu ya Fiqhi na Elimu ya Manahodha

Mwanafunzi anayesoma mlango wa Hija katika Minhaj ya Imam An-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) hukutana na suala fupi ambalo wengi hulipita haraka. Je, asiye na njia ila ya bahari analazimika kuhiji? Jawabu la madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa analazimika iwapo ghalibu ni kusalimika. Ikiwa ghalibu ni kuangamia, haimjuzii kupanda chombo hata kama anakwenda Makka. Tungependa kusimama kidogo kwenye neno hilo "ghalibu", kwa sababu hukumu yote imeegemea hapo, na fakihi hawezi kulijua akiwa amekaa msikitini. Hana budi amuulize nahodha.

Tahadhari hii ni kongwe. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad na katika Al-Adab Al-Mufrad ya Imam Bukhari, kwa maana yake, kuwa mwenye kupanda bahari wakati imechafuka, dhima imemwondokea. Muawiya alipomwomba Sayyidna Umar (R.A.) ruhusa ya kupigana baharini, Umar alimwandikia Amr bin Al-As amsifie bahari. Amr alimfananishia watu walio juu ya maji na mdudu aliye juu ya kijiti, na Umar akakataa. Sayyidna Uthman (R.A.) ndiye aliyeruhusu, mwaka 28 Hijria, kwa sharti kuwa asilazimishwe mtu. Wapo wanaosema Umar aliiogopa bahari. Sisi hatuoni hivyo. Alikataa kuwatia Waislamu katika safari ambayo hakuwa na wa kumjulisha ghalibu yake.

Waislamu waliokuja baadaye walijifunza. Al-Mas'udi, mwandishi wa Muruj Adh-Dhahab, alivuka mwaka 304 Hijria (916 au 917 Miladia) kutoka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi hukikisia kuwa ni Pemba, kwenda Oman. Anasema kuwa katika bahari zote alizozipanda hakuona yenye hatari kuliko hii ya Zanj, na anawataja manahodha aliowafahamu waliozama humo. Mawimbi yake anayaita "vipofu": hupanda kama milima na kushuka kama mabonde, wala hayavunjiki wala hayatoi povu. Baharia atayatambua mara moja. Ni mawimbi marefu yaliyozaliwa na upepo wa mbali, yanayoweza kukifikia chombo mahali ambapo upepo wenyewe ni mdogo.

Ama aliyeiweka elimu hii kwa mpango ni Ahmad bin Majid wa Julfar, ambaye Kitab Al-Fawa'id yake ni ya karibu mwaka 895 Hijria (1490). (Kile kisa cha yeye kumwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 ni dhaifu. An-Nahrawali aliyekieneza aliandika miongo mingi baadaye, na Wareno wenyewe wanamtaja rubani wa Kigujarati.) Ibn Majid anahesabu siku tangu Nairuz na kuitajia kila bandari wakati wake wa kuondoka. Wakati huo kwa Kiarabu ni mausim, na neno letu "msimu" limetoka huko. Anaeleza pia kufungwa kwa bahari: kusi ikishika nguvu, bandari za magharibi ya India haziendewi kwa takriban siku 90. Hakuna aliyeiona safari katika siku hizo kuwa ni kutawakali.

Elimu ya leo imekwenda mbali zaidi, lakini haikutoka kwenye dhana ghalibu na kufika kwenye yakini. Mwaka 1861 mhandisi Mwingereza William Froude alieleza kuwa kila chombo kina muda wake maalumu wa kuyumba upande hata upande. Mawimbi yakija kwa muda ule ule, kila moja huongeza mrama wa lililotangulia, kama mtoto anayesukumwa kwenye pembea. Shehena ikirundikwa juu, chombo huyumba polepole zaidi na nguvu yake ya kujiinua hupungua. Mwaka 1953 St. Denis na Pierson walionyesha njia ya kukadiria mwendo wa meli katika bahari iliyovurugika, yenye mawimbi ya kila aina. Hata urefu wa mawimbi unaotangazwa na idara za hali ya hewa ni wastani wa theluthi moja ya yale makubwa zaidi. Kwa hiyo ukisikia mita 2, ujue kuwa wimbi moja moja linaweza kukaribia mita 4. Fakihi ataona kuwa lugha hiyo si ngeni kwake.

Na sheria haikumwachia abiria peke yake. Ibn Jubayr, aliyevuka kutoka Aidhab kwenda Jeddah mwaka 1183, anawalaumu vikali wenye vyombo waliowashindilia mahujaji kama kuku ndani ya tundu, wakisema kuwa kazi yao ni kutoa mbao tu, roho ni juu ya hujaji mwenyewe. Zaidi ya karne moja kabla yake, Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria) alikwisha kuandika katika Al-Ahkam As-Sultaniyya kuwa muhtasib huwazuia wenye vyombo kupakia zaidi ya uwezo wa chombo, na huwazuia kusafiri upepo unapokuwa mkali. Hakushurutisha mtu azame kwanza.

Naye An-Nawawi, katika Rawdat At-Talibin, anapozungumzia vyombo viwili vinavyogongana, anahesabu kuwa ni kosa lenye dhamana nahodha kukiendesha chombo katika upepo ambao mfano wake vyombo haviendi. Basi upepo haupimwi peke yake, hupimwa pamoja na chombo chenyewe. Boti ya MV Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989 na kwa miaka mingi ilivusha abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilikutana na upepo mkali na mawimbi makubwa, ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe.