Maradhi ya Akili na Urithi wa Ukoo

Mjini Kampala, wakati mwingine mtu aliyepatwa na skizofrenia hufika mikononi mwa askari kabla ya kufika mikononi mwa daktari. Sheria ya mwaka 1964, na baada yake Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, zote mbili zilimpa polisi sehemu katika kazi ya kumfikisha mgonjwa kwenye matibabu. Na huko kituoni, kama ilivyo nyumbani, swali moja halikosi kuulizwa: je, haya ni maradhi ya ukoo?

Swali hilo limewahi kujibiwa vibaya, tena na wasomi. Katika miaka ya 1930, Dakta H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari, Nairobi, alidai kwamba Mwafrika amerithi ubongo duni, F. W. Vint naye akapima bongo za maiti ili kuitafutia ithibati dhana hiyo. J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari toka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akisema Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimtumia kuieleza Mau Mau, kana kwamba kudai ardhi ni ugonjwa! Ujerumani ya Hitler ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya 1933 iliruhusu wenye skizofrenia wahasiwe kwa nguvu, na katika 1940 na 1941 wagonjwa na walemavu zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi.

Hata hivyo, si kweli kwamba urithi hauna nafasi. Pacha wa kufanana akiugua, mwenziwe huugua katika takriban nusu ya hali hizo au pungufu, ilhali wawili hao wana urithi mmoja. Mtoto wa mzazi mgonjwa yumo hatarini kuliko watoto wengine, lakini kati ya watoto 100 wa namna hiyo, wapatao 90 hawaugui. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 76,000, ulibainisha sehemu 287 za chembe za urithi zinazohusiana na maradhi haya. Karibu kila moja huongeza hatari kwa kiasi kidogo mno, na watu wazima wa afya njema wanazo nyingi miongoni mwazo. Juu ya hayo huja mambo ya maisha, bangi ikiwamo.

Wengi wa waliopimwa katika uchunguzi huo walikuwa wa asili ya Ulaya, ingawa Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za urithi kuliko bara lolote. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Makerere kiliungana na wenzao wa Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini katika utafiti wa NeuroGAP, ambao ulikusanya mate ya wagonjwa na ya watu wasiougua. Kwa Uganda, kazi hiyo ilifika hadi Butabika, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955 kando ya Ziwa Victoria.

Hadi sasa hakuna kipimo cha damu wala cha mate kiwezacho kumwambia kijana anayeandikishwa jeshini kwamba ataugua au hataugua. Daktari wa Butabika bado humtambua mgonjwa kwa kumsikiliza, kumchunguza, na kuwauliza jamaa zake.